Miche Yetu Haikufa kwa Kiu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya Siku ya Kupanda Miti, maana muhula huu itakuja tena kama ijavyo kila mwaka. Najua ya kuwa wengi watakaosoma maneno haya ndio watakaoshika majembe siku hiyo, na wengine watanikasirikia. Lakini nimekaa katika shule hii miaka sita, nami nimepanda miche mara sita mahali pale pale. Mtu aliyezika mara sita ana haki ya kuuliza ni ugonjwa gani unaoua.

Mahali penyewe mnapajua. Ni kile kiwanja cha chini, kati ya shamba la viazi na mto, chenye mchanga wa kijivu usioota hata magugu. Mvua ikipita na jua likiwaka siku mbili tatu, juu yake hutokea utando wa manjano, na pengine wa kijani kama kutu ya chombo cha shaba. Wageni wakifika huuliza, "Mbona hapa pamekuwa jangwa?" Nasi kwa aibu huamua kupapanda miti.

Mwaka juzi tulipanda miche 200, mikaratusi na migrevilea. Mgeni wa heshima alifika, akapanda mche wa kwanza, akapigwa picha. Tukaimba, tukanywa soda. Miezi minne baadaye ilikuwa imebaki 11, na hiyo 11 yote ilikuwa ukingoni, karibu na viazi. Darasa letu ndilo lililokuwa na zamu ya kumwagilia. Tukaambiwa tumekuwa wavivu, tumeiua miti kwa kiu, na kwa ajili hiyo tukafyeka majani ya uwanja wa mpira Jumamosi tatu. Mimi ndimi niliyekuwa nikiandika zamu. Daftari ninalo hata leo: ndoo 20 asubuhi na 20 jioni, isipokuwa siku za mvua na Jumapili moja tuliyosahau. Sisemi haya ili nirudishiwe Jumamosi zangu. Nayasema kwa sababu ukimpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo, hata ukimpa kwa bidii namna gani, hutamponya. Nasi tu karibu kumwaga tena ndoo 40 kwa siku juu ya ugonjwa usio wa maji.

Mche unaokufa kwa kiu hujulikana. Majani hulegea mchana, huinuka tena usiku, kisha hukauka kuanzia ncha. Miche yetu haikufanya hivyo. Shina lilisimama wima. Majani ya zamani yalikaa kijani kwa muda, bali machipukizi mapya yalitoka madogo, ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, kama mito katika ramani. Kisha mche ulikaa hivyo hivyo, haukui wala haufi, wiki sita au nane, hata siku moja ukawa kijiti. Tulipoving'oa vile vijiti ili kusafisha kiwanja, niliona jambo ambalo halijanitoka kichwani: mizizi ilikuwa bado imejikunja ndani ya bonge la udongo mweusi wa kitalu. Ilikuwa imefika kwenye mchanga wa kijivu, ikaugusa, ikasimama. Ncha zake zilikuwa nene, fupi, za kahawia, bila vile vinyweleo vyeupe vya kunywea maji. Mche ulikuwa umehamia nyumba mpya, ukakaa miezi minne pasipo kutoka katika sanduku lake la safari.

Basi mchanga ule una nini?

Babu yangu alifanya kazi Kilembe. Mgodi ule wa shaba ulianza kazi kubwa mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na shaba yake ilikwenda Jinja kuyeyushwa, hata kazi ikafa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walikuja watu wa kila kabila, na babu alijifunza Kiswahili huko huko chini ya mlima. Mimi nimekipata kwake, na ndiyo sababu naandika katika kurasa hizi wala si katika zile za Kiingereza. Kwa mshahara wa mgodi alinunua baiskeli, akamsomesha baba. Kwa hiyo mtu asidhani nimekuja kuulaani mgodi. Nimekula chakula cha mgodi tangu sijazaliwa.

Lakini jiwe la mgodini lina shaba kidogo tu ndani yake. Husagwa likawa unga, shaba ikatolewa, na unga uliobaki ukatupwa. Mamilioni ya tani za unga huo yamelala katika bonde la Kilembe, na mto Nyamwamba umekuwa ukiyala kingo zake, hasa katika mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020, ukayachukua na kuyamwaga katika nchi ya chini, kuelekea Ziwa George. Tena huko Kasese palirundikwa karibu tani milioni moja za piriti, jiwe la chuma na salfa lenye kobalti ndani yake. Kuanzia mwaka 1999 hata 2013 kiwanda kilitoa kobalti katika rundo lile kwa msaada wa bakteria. Lakini kabla ya hapo mvua ilikuwa imeliosha miaka mingi, na maji yake makali yakashuka hata ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, yakaacha njia tupu isiyo na majani.

Nikisema "maji makali" sisemi kwa mfano. Piriti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa, ile ile iliyomo katika betri ya gari. Asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Zikiisha kuyeyuka, mzizi hauna njia ya kuzikwepa. Ukinywa maji, unazinywa nazo. Nilimweleza babu haya wakati wa likizo, akacheka kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, kule tulikomwaga ule mchanga hata mbuzi hakuona cha kula. Sisi tulidhani ni kwa kuwa umetoka tumboni mwa mlima, haujazoea jua."

Sasa nije kwenye jani, maana hapo ndipo mche unapouawa, ingawa sumu imeingilia chini.

Kila mwanafunzi wa S.1 amekariri ya kuwa jani huvuta hewa ya kaboni, hupokea maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari. Vitabu vya Kiswahili huiita kazi hiyo usanisinuru. Twaikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha twaisahau, kana kwamba ni jambo la ubaoni tu na si la kiwanja chetu. Ile rangi ya kijani, klorofili, ndiyo inayonasa mwanga. Katikati ya kila chembe yake imekaa chembe moja ya magnesiamu. Ili mche uijenge klorofili hiyo huhitaji pia chuma, ijapokuwa chuma chenyewe hakimo ndani yake. Shaba na kobalti zikizidi katika udongo huzuia chuma kuingia mzizini na kufika kwenye jani jipya. Na hiyo, nadhani, ndiyo maana ya ule umanjano wa machipukizi yetu. Wataalamu wameona pia kwamba metali nzito zaweza kukaa katika kiti cha magnesiamu yenyewe, na klorofili ya namna hiyo haifai kitu kwa kazi yake. Tena mwanga unaonaswa pasipo kutumika haukai kimya. Nguvu yake huingia katika oksijeni, ikaifanya kali, ikaanza kuunguza utando wa jani lenyewe. Jua letu hili la Kasese, ambalo lingekuwa utajiri wa mche, likawa moto juu yake.

Huko chini nako mzizi uliodumaa hauleti maji ya kutosha. Jani hufunga vile vitundu vyake vidogo ili lisikauke. Lakini vitundu hivyo ndivyo mlango wa hewa ya kaboni, na ukiufunga mlango ili maji yasitoke, chakula nacho hakiingii. Hata hewa kidogo inayopita hukuta vimeng'enya vya kutengenezea sukari vimeharibiwa, kwa kuwa metali kama shaba na kadimiamu hushikamana navyo na kuvizuia kazi. Sukari ikipungua, mizizi hukosa chakula. Mizizi isipokua, maji hupungua zaidi. Mti mkubwa una akiba shinani mwake, na mizizi yake huenda imekwisha kushuka chini ya uchafu. Mche wa miezi mitatu una majani machache, na mizizi yake yote imo katika shibiri moja ya juu, pale pale penye sumu.

Lakini nisieleweke vibaya: shaba si adui wa mimea. Jani lisilo na shaba kabisa haliwezi kufanya kazi hiyo ya usanisinuru, maana mojawapo ya protini zake hujengwa kwa shaba. Zinki nayo yahitajiwa. Hata kobalti yawafaa bakteria wanaokaa katika vifundo vya mizizi ya maharage. Ni kama chumvi katika mchuzi. Hakuna atakaye mchuzi usio na chumvi, wala hakuna awezaye kunywa kikombe cha chumvi.

Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tuliomba ruhusa ya kutumia pembe moja ya maabara. Tulichukua makopo matano ya maziwa. La kwanza tulitia udongo wa shamba la viazi. La pili mchanga wa kijivu mtupu. La tatu mchanga huo pamoja na mbolea ya dukani, kwa maana mwalimu wetu wa kemia alisema, naye alisema kweli, ya kuwa mchanga ule hauna chakula, na jani huwa la manjano kwa njaa pia, si kwa sumu peke yake. La nne mchanga na chokaa. La tano mchanga, chokaa, na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Tukapanda maharage, kwa kuwa muhula haungoji mti.

Baada ya wiki nne tulimwaga makopo. Katika udongo wa viazi mizizi ilikuwa imezunguka kopo zima. Katika mchanga mtupu ilikuwa mifupi kuliko kidole changu cha mwisho, ya kahawia, kama ile ya miche yetu. Kopo la mbolea ya dukani ndilo lililonifundisha zaidi: majani yalikuwa kijani kidogo kuliko ya kopo la pili, lakini mizizi ilikuwa ile ile mifupi. Basi njaa ilikuwapo, ila si njaa tu. Kopo la chokaa lilikuwa afadhali. Kopo la chokaa na samadi lilikaribia la viazi hata mwenzangu mmoja akadhani tumebadilisha alama.

Tukafanya na lile jaribio la iodini ambalo kila mtu hulifanya mara moja halafu hulisahau. Tulichuma jani katika kopo la kwanza na jani katika kopo la pili, yote mawili jioni baada ya siku ya jua. Tukayachovya katika maji yanayochemka, tukayatoa rangi katika spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto (si juu ya moto wenyewe, msije mkaunguza maabara mkasema mmesoma gazetini), tukayaosha, tukatia iodini. Jani la udongo wa viazi likawa jeusi lote, dalili ya wanga uliotengenezwa mchana ule. Jani la mchanga wa kijivu likabaki rangi ya chai isiyo na maziwa, isipokuwa mstari mwembamba kando ya mishipa. Yamekaa dirisha moja, chini ya jua moja, yakinyweshwa maji ya mfereji mmoja. Mwenzangu aliangalia kitambo, akasema, "Kumbe lilikuwa linashinda na njaa juani."

Makopo matano si utafiti, nalijua hilo. Maharage nayo si mti. Lakini ni zaidi ya kile tulichokijua tulipohukumiwa kufyeka.

Iko nchi iliyopitia haya kwa ukubwa kuliko sisi. Huko Sudbury, katika Kanada, viwanda vya kuyeyusha nikeli na shaba viliacha vilima vyeusi, pasipo mti wala majani, kwa moshi wa salfa na metali zilizoanguka juu ya udongo. Mwaka 1978 mji ulianza kazi ya kuvivika vilima vile tena. Hawakuanza kwa miti. Walianza kwa chokaa, karibu tani 10 kwa kila hekta, na sehemu kubwa ilibebwa katika mifuko na kumwagwa kwa mikono na wanafunzi waliokuwa likizoni, vijana kama sisi. Ilikuwa chokaa yenye magnesiamu ndani yake, na msomaji aliyekumbuka kiti cha katikati ya klorofili ataona faida yake. Baada ya chokaa wakatia mbolea na mbegu za majani, kisha miti. Mwaka 2022 walipanda mti wa milioni 10. Metali hazikutoka katika udongo ule. Zimo hata leo. Ila asidi imezimwa, nazo zimelala, wala mzizi hauzinywi kama zamani.

Wako wanafunzi wanaosema, "Tupande tu, miti itaifyonza sumu yote na kuusafisha udongo." Jambo hili wamelisoma mahali, nao wamelisoma nusu. Ni kweli iko mimea inayobeba metali nyingi katika majani yake, lakini mikaratusi na migrevilea yetu haitaumaliza mchanga wa mgodi, hata kwa maisha ya wajukuu wetu. Na mche uliokufa haufyonzi kitu. Kazi tunayoweza kuitazamia kwa miti pale ni nyingine: kuushika mchanga usipeperushwe na upepo wa Januari hata katika madarasa, wala usiteremke mtoni kwenda kwa watu wa chini wanaochota maji. Kwangu mimi hiyo ni sababu kubwa kuliko picha ya mgeni.

Kwa hiyo naomba mwaka huu tusipande miche 200. Tupande 20. Kila mmoja uchimbiwe shimo pana, kiasi cha mikono miwili kwa mikono miwili. Utolewe mchanga wa kijivu, utiwe udongo mwema, chokaa, na samadi, na shimo likae mwezi mzima kabla ya mche kuingia. Samadi si chakula tu. Mboji yake huishika shaba na kuizuia isiende mzizini. Ng'ombe wa misheni wapo, na mawe ya chokaa yapo Hima, si safari ya siku mbili. Fedha ya soda na ya kitambaa cha kukaribishia mgeni ingetosha kwa chokaa ya mwaka wa kwanza. Nimeuliza bei, sikukisia. Miembe na mipapai tuiache, wala mtu asije akapanda dodo pembeni kwa kuwa ameona udongo umekuwa mzuri. Mboga za majani zaweza kubeba metali pasipo kuonyesha dalili, na anayezila haoni chochote katika sahani.

Na lile bao la pale langoni, linaloandikwa kila mwaka idadi ya miti iliyopandwa! Nikijumlisha namba zake zote tangu nifike, shule yetu ingekuwa imefichwa na msitu. Napendekeza lifutwe, liandikwe idadi ya miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Itakuwa namba ndogo. Nimekwisha kuhesabu: leo ingekuwa 23, na karibu yote ipo kando ya viazi.

Rafiki yangu wa bweni moja ameniambia nataka kuharibu sikukuu. Sitaki. Nimeimba katika kwaya ya siku hiyo miaka minne, na wimbo naupenda. Lakini wadogo zetu wa S.1 huchagua kila mmoja mche wake, huupa jina, hupita kuutazama wakienda kuoga mtoni. Mwaka juzi nilimkuta mmoja, mwezi wa tatu baada ya kupanda, akiumwagilia kijiti. Nikamwambia umekufa. Akanijibu, "Hapana, kaka, haujapata maji ya kutosha tu." Alikuwa amelipokea lile neno la uvivu akaliweka moyoni, kumbe yeye hakukosa lolote.

Mimi nitaondoka baada ya mtihani wa mwisho wa mwaka, wala sitaiona miche hiyo ikitimiza mwaka. Daftari la zamu na lile la makopo nimemwachia kiongozi wa bustani wa S.5, yeyote atakaye kuyaona amwulize. Mashimo matatu tumekwisha kuyachimba kwa ruhusa ya mwalimu wa kilimo, upande wa mto, mahali pabaya kuliko pote, nayo yana chokaa na samadi tangu mwezi uliopita. Tumeyawekea vijiti vyenye kitambaa chekundu. Nawaomba wacheza mpira wakifuata mpira huko wapite kando.

Mwanafunzi wa S.6